Dirisha kwa Sarafu Iliyong'atwa

Mume wa Mshonaji alikuwa na tabia ya kunusa sarafu. Watu wengine wakipewa chenji huitia mfukoni bila hata kuitupia jicho. Yeye kwanza aliipeleka puani, akavuta pumzi taratibu, kisha ndipo aliposhika kile kioo chake cha kukuzia kilichoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, akaanza kuikagua mbele, nyuma na ukingoni. Muuza mkate alishamzoea. Alimpa chenji akaendelea kuhudumia wateja wengine, na mzee bado kasimama palepale kaunta, kainamisha shingo kama kuku anayetafuta mchwa.

Mtaani walimwita Jicho. Maisha yake ya kazi yote aliyamalizia kwenye kibanda cha maegesho ya magari, akipokea sarafu kwenye kidirisha na kufungua lango. Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa tu, na mtu akikaa sana hutafuta la kufanya, basi yeye akaanza kuzitazama zile sarafu. Siku moja akaona moja ambayo herufi zake zimejirudia, kila herufi na pacha wake nyuma, kama vile anavyoona mtu mwenye homa. Alijipapasa paji la uso. Hana homa. Tangu hapo hakupona. Alipostaafu, wenzake walipewa saa za ukutani wakaenda kuzitundika. Yeye alirudi nyumbani na bati la biskuti limejaa makosa.

Ndiyo, makosa. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyatafuta. Kiwanda cha sarafu kinachapa sarafu usiku na mchana, na mashine nayo ina siku zake. Chuma kinaingia kombo, muhuri unapigwa mara mbili, sarafu inatoka na nusu ya kichwa, ikishatoka imetoka, inakwenda kununua nyanya pamoja na sarafu nyingine. Wapo watu wanaozisaka hizo kuliko dhahabu. Tabu ni kwamba kwa kila sarafu iliyokosewa kiwandani, barabarani kuna mia zilizokanyagwa na malori, zilizozungushwa kwenye mashine za kufulia mpaka zikapoteza sura, na nyingine zilizopigwa tupa na wajanja. Kujua hii ilizaliwa hivyo na hii iliumizwa baadaye, hapo ndipo penye kazi. Na katika kazi hiyo Jicho alijiona hana mfano.

Angejiona hivyo akiwa amekaa mahali pengine, mkewe asingekuwa na neno. Lakini alikuwa amekaa dirishani.

Nyumba yao ilikuwa na dirisha moja la maana, la sebuleni, pana, linaloingiza mwanga tangu asubuhi mpaka jioni. Chini ya dirisha hilo ndipo ilipokuwa meza ya Jicho: mizani ndogo, sumaku, kitambaa cheusi, kipande cha chuma bapa, na droo yenye kufuli. Cherehani ya mkewe ilikuwa koridoni, imebanwa kati ya mlango wa bafu na rundo la viatu, chini ya balbu ya manjano iliyokuwa ikipepesa kila jirani akiwasha pasi. Huyo mama alishona nguo nyeusi kwa uzi mweusi kwa kupapasa. Majuzi alimshonea mhasibu mmoja suruali, mguu mmoja ukatoka nje ndani. Mhasibu aliivaa akaenda nayo kazini, akarudi jioni kulalamika kwamba mshono unamkuna. Hakuwa amegundua ni kwa nini, na Mshonaji hakumwambia. Aliipokea tu akasema ataipunguza kidogo mapajani.

"Baba, nipe dirisha," alimwambia mumewe siku hiyo. "Asubuhi tu."

"Asubuhi ndiyo mwanga mweupe, mama."

"Basi jioni."

"Jioni mwanga unalala ubavu. Hapo ndipo herufi zinapojitokeza."

"Na mchana?"

"Mchana si ninalala hapohapo kwenye kiti? Unataka nikalale wapi?"

Mshonaji alirudi koridoni akakanyaga cherehani kama anayekanyaga mtu.

Kila Jumamosi alasiri wenzake Jicho walikuja. Walikuwa wawili. Wa kwanza Kinyozi, mwenye duka la kona, ambaye ndiye mwenyekiti wao kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na mkoba wa ngozi. Wa pili Posta, tarishi mstaafu, mtu wa kanuni, aliyeanza na stempu akahamia sarafu alipochoka kulamba gundi. Wakiletewa sarafu yenye kasoro, wanaipitisha mkono kwa mkono, kisha Jicho anahukumu. Ikiwa ni kosa la kiwandani, inafungwa ndani ya karatasi laini. Ikiwa ni bandia, Kinyozi hutoa nyundo mkobani, aliyehukumu akaiweka sarafu juu ya kile chuma bapa na kuipondaponda, isije ikatoka ikamdanganya mtu mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao kubwa. Hukumu bila nyundo, Posta alikuwa akisema, ni maneno ya mtu tu.

Mtu aliyewaletea bandia nyingi kuliko wote alikuwa shemeji mtu, mdogo wake Mshonaji, fundi wa kukereza vyuma. Huyu Mkerezaji hakuwa mwizi. Alikuwa anapenda tu siku moja amwone shemeji yake ameumbuka. Jumamosi moja akaja na sarafu yenye kichwa pande zote mbili.

"Shemeji, nimepewa na mteja. Nikashtuka. Nikasema hii ni ya shemeji yangu."

Jicho hata hakuipokea vizuri. Aliinusa, akatabasamu, akaidondosha mezani. Sarafu nzima hulia ngee. Hiyo ilisema ko, kama kijiko cha mti. Akaielekeza dirishani, akapitisha kucha kwa ndani ya ukingo, akapata ufa mwembamba kama unywele unaozunguka duara lote.

"Sarafu mbili hizi. Moja umeichimba ikawa kama sahani, nyingine umeipunguza ukaifukia ndani. Kazi nzuri, shemeji. Ungewatengenezea watu vitasa vya milango ungekuwa tajiri."

"Nimepewa na mteja, haki ya nani!"

"Mteja huyo ananuka grisi? Shemeji, ukitaka kunidanganya, anza kwa kunawa mikono. Sarafu yako nimeisikia harufu tangu uko mlangoni."

Kinyozi alicheka mpaka akashika mbavu. Nyundo ikatoka, paa, paa. Jicho alijisikia vizuri mno, na mtu akijisikia vizuri mno mbele ya watu ndipo mdomo unapofanya biashara peke yake.

"Sikilizeni niwaambie," alisema, kaegemea kiti. "Siku nitakayokosea sarafu, moja tu, dirisha hili nampa mke wangu. Meza hii naibeba kwa mikono yangu mwenyewe naipeleka koridoni."

"Tumesikia," alisema Kinyozi.

"Mashahidi tupo," alisema Posta, akafunga kifungo cha koti.

Huko koridoni cherehani ilikuwa imenyamaza. Mguu wa Mshonaji ulikuwa umesimama hewani. Alikuwa amesikia mambo mawili. La kwanza dirisha. La pili lile neno kwamba sarafu imenukia tangu mlangoni. Alilitafuna hilo la pili polepole, kama mtu anayekagua kama embe limeiva kwa ulimi. Kumbe pua inaanza, jicho linafuata.

Kesho yake alimimina supu kidogo kwenye kopo akaenda kumpelekea mdogo wake karakanani.

Mkerezaji alikuwa kainama juu ya mashine, chuma kinatoa nyuzinyuzi zinazong'aa. Alipomwona dada yake akazima.

"Dada, nina wazo jipya," alisema kabla hata ya salamu. "Nachukua sarafu, naiweka kwenye jiriwa na nyingine juu yake, nakaza mpaka sura..."

"Acha. Atainusa."

"Nitaiosha kwa sabuni ya maua."

"Basi atasema inanuka shemeji aliyeoga. Wewe umemdanganya kwa bandia mara ngapi?"

"Nimejaribu sana."

"Umefaulu?"

Mkerezaji alitazama supu.

"Safari hii tunampelekea ya kweli," alisema Mshonaji.

Katika lile bati la biskuti kulikuwa na sarafu moja ambayo Jicho aliipenda kuliko zote. Mwenyewe aliiita Malkia. Ilikuwa na kichwa upande mmoja na ndege upande wa pili, na karibu na mkia wa ndege palikuwa na pengo la mviringo, kana kwamba mtoto ameing'ata akidhani biskuti. Kila mgeni aliyeingia nyumba ile alionyeshwa Malkia, na kila mgeni aliambiwa imepatikana kwa ustadi mkubwa. Hakuna aliyeambiwa kwamba Mshonaji ndiye aliyekuja nayo nyumbani, kwenye chenji ya vishikizo, akaitupa mezani akisema hebu ona hawa wamenipa sarafu mbovu. Jicho alipoiona aliibusu. Yeye mwenyewe, mkewe, siku hiyo hakubusiwa.

Mafunzo ya Malkia alikuwa ameyasikia mara nyingi kiasi kwamba angeweza kuyatoa akiwa usingizini. Kiwandani wanakata viduara kwenye bamba la chuma, jinsi fundi anavyokata kola kwenye kitambaa. Bamba lisiposogezwa vizuri, mkasi unaingia pale palipokwisha katwa, kiduara kinatoka na pengo. Hilo alilielewa hata bila kufundishwa, maana kola za namna hiyo amezikata nyingi. Lakini dalili ya ukweli haipo kwenye pengo. Ipo ng'ambo yake. Kabla ya kuchapwa, kiduara kinabanwa pembeni ili ukingo uinuke. Mahali penye pengo hapabaniki, na kwa kuwa huku hakubanwi, na kule mkabala nako hakubaniki sawasawa. Kwa hiyo sarafu ya kweli, upande unaotazamana na pengo, ukingo wake ni dhaifu, umefifia. Mlaghai anakata pengo kwa tupa, lakini ukingo wa ng'ambo unabaki umesimama imara, unamsengenya.

"Sasa nisikilize," alimwambia mdogo wake. "Usiikwaruze. Ukiikwaruza hata kwa ukucha, mimi na wewe tutahama mji. Paka grisi ile nyeusi, nzito, yenye vumbi la chuma. Ipake hapa kwenye pengo. Na hapa ng'ambo yake, ipake mara mbili, iache ikauke."

"Kwa nini hapo zaidi?"

"Kwa sababu hapo ndipo atakapotaka kutazama."

Mkerezaji alimtazama dada yake kwa heshima ambayo hakuwahi kumwonyesha tangu wakiwa wadogo. "Dada, na kama akiisafisha?"

"Mume wangu? Asafishe sarafu? Huyo siku ukoo wetu ulipokuja na watoto wakanawisha sarafu yake kwenye beseni, alilala bila kula. Kwake kuosha sarafu ni sawa na kumnyoa bibi harusi nyusi."

Kuipata Malkia hakukuwa kazi. Ufunguo wa droo Jicho aliuvaa shingoni pamoja na kile kioo, lakini kuoga hakuoga navyo. Alivitundika kwenye msumari wa nje ya mlango wa bafu, yaani kwa Mshonaji hapo alipo, ni kunyoosha mkono tu. Ndani maji yanamwagika, mzee anaimba. Nje mkewe anafungua droo, anatoa bati, anaondoa sarafu kwenye kitanda chake cha pamba. Akarudisha kila kitu, akakaa kwenye cherehani. Kwa mara ya kwanza alishukuru kuwekwa koridoni.

Jumamosi ikafika. Kinyozi na Posta walishakaa, chai imeshamiminwa, Mkerezaji akaingia. Alikuwa ameambiwa aje kama siku zote. Badala yake alikuja kwa adabu nyingi, akavua kofia, akasema shikamoo kwa watu wote hadi kwa paka. Mshonaji alimchungulia kutoka koridoni akatamani kumrushia kiatu, na viatu vilikuwa karibu.

"Shemeji, hii nimeikuta."

Jicho hakuinuka. Alifumba macho, akavuta hewa kwa pua.

"Grisi," alisema.

Kinyozi akaanza kucheka mapema.

"Nilikuwa nayo mfukoni karakanani, shemeji, ndiyo maana..."

"Ilete hapa." Aliipokea kwa vidole viwili, kama anayeshika mende, akaiweka juu ya kitambaa cheusi. Akaona lile pengo. Akaona ndege. Akautafuta mwaka kwa macho tu, akausoma. Kisha akatoa kicheko kirefu chenye kufurahi, kicheko cha mtu aliyeletewa zawadi.

"Jamani, njooni mwone maajabu! Kanakili Malkia wangu!"

"Acha!" alisema Posta.

"Mkia wa ndege uleule. Mwaka uleule. Pengo palepale! Shemeji, duniani humu ziangukie sarafu mbili zilizoliwa mahali pamoja, na zote zije kwenye familia moja? Ungebadilisha kidogo basi. Ungemng'ata ndege kichwani."

"Mimi nimeikuta tu," alisema Mkerezaji, na safari hii alikuwa anatetemeka kweli kwa kuzuia kicheko, ikaonekana kama hofu.

Posta, mtu wa kanuni, alisogeza mizani. "Tuipime."

"Uipime nini? Pengo la kiwandani linapunguza uzito, pengo la tupa linapunguza uzito. Mizani hapa ni shahidi bubu. Tazama ng'ambo ya pengo."

Wote wakainama. "Siioni," alisema Kinyozi. "Pana grisi."

"Enhe! Sasa jiulize, kwa nini grisi imekaa hapo hasa? Sarafu ikichafuka yenyewe inachafuka kote. Hii imechafuka sehemu mbili tu, kwenye pengo na ng'ambo yake. Kwenye pengo anaficha alama za tupa. Ng'ambo anaficha ukingo mzima uliosimama. Shemeji wangu sasa amesoma, anajua nitatazama wapi. Lakini kwa kuficha ndiko alikojitaja."

Huko koridoni Mshonaji aliuma kitambaa asije akacheka kwa sauti.

"Si uikwangue kidogo tuone?" Kinyozi aliuliza.

"Kinyozi. Sarafu haikwanguliwi. Sarafu haioshwi, haisuguliwi, hata ikiwa bandia, huo ni mwiko. Wewe nyoa nywele." Akajinyoosha kitini. "Nasema hii ni bandia. Bandia tena ya dharau. Lete nyundo."

Hapo ndipo kicheko kilipomkauka Mshonaji mdomoni.

Nyundo. Hilo hakulifikiria kabisa. Jumamosi zote hizo alikuwa akiisikia ile paa, paa kutoka koridoni kama mtu anavyosikia mlango wa jirani ukifungwa, akaisahau kama anavyousahau mlango wa jirani. Sasa alisikia zipu ya mkoba wa Kinyozi ikifunguka. Akakumbuka maneno ya Posta kwamba bila nyundo hakuna hukumu. Akipiga kelele sasa, mzee atasema alikuwa bado anafikiri, na dirisha limekwenda, halirudi tena, maana ujanja huu haufanyiki mara mbili. Akinyamaza, dirisha ni lake kabisa, na Malkia atakuwa chapati. Akamwona mumewe akiketi mbele ya lile bati usiku na mchana, kitanda cha pamba kitupu. Ni mtu wa kuudhi, ndiyo. Lakini ni wake.

Aliingia sebuleni na pini mbili mdomoni na koti la mtu begani. Chuma bapa kilishawekwa, sarafu juu yake, nyundo iko hewani.

"Baba," alisema, akatoa pini moja. "Samahani nawakatiza. Naomba kuuliza."

Nyundo ilisimama. Mkewe hakuwahi kuuliza chochote juu ya sarafu.

"Mimi miaka yote hii huwa nasikia tu hayo mambo ya ukingo dhaifu na ukingo imara. Leo bandia ipo na ya kweli ipo, zimefanana kama mapacha. Kabla hujaiponda, si utoe Malkia uziweke pamoja, utuonyeshe tofauti? Mdogo wangu naye ajifunze, aache kutuletea aibu nyumbani."

Kwa mtu mwingine maneno hayo yangenuka grisi. Lakini kumwomba Jicho afundishe kulikuwa sawa na kumwomba mlevi aonje. Uso ulimng'aa. Akaweka nyundo chini, akavua ufunguo.

"Njoo, mama, kaa hapa karibu. Mnaona? Mwanamke anauliza swali la maana, nyie mnanywa chai tu." Akafungua droo, akainua bati, akafunua kifuniko. "Sasa, utaona kwa Malkia, ukingo wake hapa..."

Kidole kiliingia kwenye pamba. Kikapapasa. Akainua pamba. Akatazama chini ya bati. Akatazama chini ya meza. Kisha, polepole kama mlango unaosukumwa na upepo, kichwa kikageuka kikaelekea kwenye kile chuma bapa, pale ilipolala sarafu nyeusi yenye pengo karibu na mkia wa ndege.

Mkerezaji ndiye aliyeshindwa kwanza. Alitoa sauti kama mpira unaotoboka, akaenda kujiegemeza ukutani, machozi yanamtoka. Kinyozi akaelewa, akaanza kupiga meza kwa kiganja. Posta alielewa mwisho, lakini alipoelewa alivua miwani.

"Umemhukumu Malkia," alisema kwa huzuni.

Jicho aliishika sarafu, akaisogeza machoni, akaisogeza mbali. Alikuwa amekuwa mwekundu masikioni. Lakini mtu mwenye kiburi haanguki bila kushika pazia.

"Haijapigwa nyundo," alisema. "Posta, sema kanuni. Hukumu bila nyundo?"

Posta alikohoa. "Ni maneno ya mtu tu. Hiyo ndiyo kanuni."

"Enhe! Mimi nilikuwa bado nazungumza. Nilikuwa nawapima nyinyi."

Mshonaji alitoa pini ya pili mdomoni, akaichomeka kwenye koti. Akachukua ile nyundo, akaigeuza mpini umwelekee mumewe, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anayemkaribisha chakula.

"Kweli kabisa, baba. Kanuni ni kanuni. Basi piga."

"Nini?"

"Si umesema bandia? Sababu umezitoa, na ni nzuri, hata mimi nimeziamini. Kama ni bandia, basi ilikudanganya tangu siku uliyoibusu, na dirisha langu. Kama ni ya kweli, umeikosea leo, na dirisha langu. Lakini kama unasema hujahukumu, hukumu sasa. Piga."

Jicho alishika nyundo. Aliiinua kidogo, kiasi cha kuvunja yai. Akamtazama ndege. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa amesimama wima, uso mkavu, ila vidole vilikuwa vimelishika lile koti mpaka likakunjamana. Aliviona vidole. Miaka yote ile ya kutazama vitu vidogo haikuwa ya bure.

"Ungeniacha niipige?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ningekuwa nataka uipige, ningebaki kwenye viatu vyangu huko koridoni."

Alishusha nyundo. Akakohoa, akapangusa meza kwa mkono ingawa haikuwa na vumbi.

"Shemeji," alimwambia Mkerezaji bila kumtazama, "grisi yako hii inatokaje bila kusugua?"

"Itumbukize kwenye mafuta ya taa, iache humo mpaka asubuhi. Itatoka yenyewe."

"Haikukwaruzwa?"

"Dada alisema tungehama mji."

"Mngehama." Akaifunga sarafu kwenye karatasi laini, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Halafu akakunja mikono ya shati na kushika meza. Kinyozi alipotaka kumsaidia alimzuia. "Nilisema kwa mikono yangu mwenyewe."

Meza haikupita mlangoni. Aliigeuza ubavu, haikupita. Aliigeuza miguu juu, ikakwama, naye akabaki upande wa koridoni, wengine wote upande wa sebule, wakanywa chai na kumpa ushauri. Ilibidi Mkerezaji afungue miguu minne ya meza kwa bisibisi, na alipokuwa akifungua alikuwa akiimba. Kufika jioni, cherehani ilikuwa dirishani na Jicho alikuwa kati ya mlango wa bafu na rundo la viatu, chini ya balbu ya manjano, akinung'unika kwamba mwanga huu si mwanga, ni uji.

"Utauzoea," mkewe alimjibu. "Mimi niliuzoea."

Asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi, Mshonaji aliketi dirishani akaona vitu ambavyo hakuviona kwa muda mrefu. Aliona uzi unaingia tunduni. Aliona kwamba koti alilodhani ni jeusi lilikuwa la bluu, na kwamba uzi wake ulikuwa mweusi, akanyamaza nalo. Aliishika suruali ya mhasibu, ule mguu wenye matatizo, akaufumua na kuushona upya huku akicheka peke yake.

Mhasibu alikuja kuichukua. Alilipa, akatoa na shukrani, akaenda zake. Mshonaji alifungua kopo la vishikizo ambamo huwa anatupia chenji, mkono mmoja bado upo kwenye kitambaa. Mwanga wa dirisha ukaigonga sarafu moja kiganjani.

Hakujua mkono uliinuka saa ngapi. Alichojua ni kwamba sarafu ilikuwa puani na yeye alikuwa anavuta pumzi.

Akaishusha haraka, akatazama kushoto na kulia kama mwizi. Lakini alishaiona. Jicho alikuwa akiwafundisha wageni: shika kichwa kimesimama, igeuze juu chini, na ndege naye lazima asimame. Akashika kichwa kimesimama. Akaigeuza. Ndege alikuwa amelala ubavu, miguu inatazama ukutani, kama aliyepigwa manati. Akarudia. Bado amelala. Muhuri wa upande wa pili ulikuwa umejizungusha huko kiwandani, na hakuna tupa wala jiriwa inayoweza kumlaza ndege namna ile.

Sarafu ikamponyoka, ikaanguka kwenye mbao za cherehani. Ngee.

"Nini hicho?" sauti ikauliza kutoka koridoni.

"Kishikizo, baba."

Kiti kikalia huko.

"Mbona kimelia kama sarafu?"

"Cha chuma. Cha koti." Akaisukuma sarafu mpaka chini kabisa ya kopo, akafunga kifuniko, akaweka na mkasi juu yake.

"Hebu nione."

"Njoo basi ukishone mwenyewe," alisema Mshonaji, akakanyaga cherehani kwa nguvu zote, ili mtu asisikie kitu kingine chochote.